Kozi wa Msimu Mmoja

Mwezi wa Oktoba, pwani ya Ghuba inapoanza kupoa, Mabedui walikuwa wakitazama juu. Ndege walikuwa njiani. Kozi wakubwa walioanguliwa kwenye nyika za Asia ya Kati, kuanzia Kazakhstan hadi Mongolia, walishuka kusini kuikimbia baridi, na baadhi yao walipita juu ya fukwe na visiwa vya Uarabuni wakiwa na njaa. Mtego ulikuwa shimo. Mtu alichimba mchangani mahali pa kumtosha mwenyewe, akajifunika matawi, akabaki na kamba mkononi. Ncha ya pili ya kamba alifungwa njiwa. Kozi akionekana, kamba inatikiswa na njiwa anapapatika. Kozi anashuka, anampiga, anaanza kumnyonyoa. Hapo mtu aliyejificha anaivuta kamba taratibu, kidogo kidogo, wala kozi hashtuki kwa kuwa amezama kwenye mlo wake, hadi miguu yake inapofika ukingoni mwa shimo. Mkono unachomoka mchangani na kuikamata.

Ndege aliyekamatwa hivyo hakuwa mali ya kudumu. Alikuwa wa msimu. Angefundishwa wiki chache, angewinda miezi yote ya baridi akiisaidia kaya kupata kitoweo, na joto likianza kurudi mwezi wa Machi au Aprili angefunguliwa kamba za miguuni na kuachwa arudi kaskazini alikotoka. Desturi hiyo ndiyo iliyoubeba uwindaji wa kozi jangwani kwa karne nyingi. Katika miaka 70 iliyopita ilivunjika, na watu walewale walioivunja wamekuwa wakihangaika kuiunga.

Waarabu wa Ghuba walithamini hasa kozi wa aina mbili. Wa kwanza ni yule wanayemwita hurr, kozi mkubwa wa nyika, mwenye mgongo wa kahawia na kifua cheupe chenye madoa, mvumilivu wa joto na vumbi, asiyekata tamaa upesi anapofukuza. Wa pili ni shahin, mwenye kichwa cheusi na mabawa yaliyochongoka, ambaye akijitupa kutoka angani hupita kasi ya kilomita 300 kwa saa. Shahin ana mbio, hurr ana moyo, na jangwani moyo ulihesabiwa zaidi. Katika aina zote mbili jike ndiye aliyetafutwa, kwa sababu humzidi dume ukubwa kwa karibu theluthi moja, na mawindo yaliyokusudiwa yalikuwa makubwa kuliko kozi mwenyewe.

Mawindo hayo ni hubara, tandawala wa jangwani. Msomaji aliyewahi kupita Serengeti au Amboseli huenda amemwona ndugu yake, tandawala mkubwa wa Afrika, atembeaye kwa madaha kwenye majani mafupi na anayeweza kufikia kilo 18. Hubara ni mdogo zaidi, kati ya kilo moja na kilo mbili na ushei, na rangi yake ni ya mchanga uleule anaoukanyaga. Akijilaza chini, mtu anaweza kumpita karibu kabisa asimwone. Sungura wa jangwani na ndege wengine waliwindwa pia, mara nyingi kwa msaada wa mbwa aina ya saluki. Lakini hubara ndiye aliyetungiwa mashairi na kubishaniwa usiku kando ya moto, na yeye, kuliko kozi, ndiye anayeonyesha hali halisi ya uwindaji huu ilivyokuwa na ilivyo.

Picha nzuri ya mafunzo ya kozi iliachwa na Wilfred Thesiger, msafiri Mwingereza aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1910 na ambaye wazee wa Maralal, kaskazini mwa Kenya, wanamkumbuka kwa miaka mingi aliyoishi huko kwa Wasamburu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya kuvuka jangwa la Rub' al-Khali, alikuwa mgeni wa Sheikh Zayed bin Sultan, aliyekuwa akisimamia eneo la Al Ain kwa niaba ya kaka yake, mtawala wa Abu Dhabi. Miaka ishirini na kitu baadaye mwenyeji huyo angekuwa rais wa kwanza wa Umoja wa Falme za Kiarabu. Thesiger aliwinda naye, na katika kitabu chake Arabian Sands cha mwaka 1959 alieleza jambo lililomshangaza. Uingereza alikuwa ameambiwa kwamba kozi wa mwituni huhitaji siku kama 50 kufundishika. Kwa Zayed alikuta ndege wakiwa tayari kwa wiki mbili au tatu. Sababu aliyoiona ni kwamba Waarabu hawakuachana na ndege wao mchana wala usiku.

Ndege mpya alishonwa kope kwa uzi ili asione na kujiumiza kwa hofu. Ni jambo gumu kulisoma leo. Baada ya siku chache uzi ulitolewa, na kazi ya kumtuliza ikachukuliwa na barakoa, kofia ndogo ya ngozi inayofunika macho na kuacha mdomo wazi. Tangu hapo maisha yake yote yalikuwa juu ya mkono mmoja uliovikwa kikingio kinene. Alikula hapo. Alizoea kelele za watoto, mbwa, ngamia na mabishano ya barazani akiwa hapo, na usiku alisimamishwa kwenye kigingi chenye kichwa bapa kilichochomekwa mchangani, karibu na alipolala mwenye ndege. Kila alipopewa kipande cha nyama aliitwa jina lake. Kisha akaitwa kutoka hatua mbili, kisha kutoka mbali zaidi, akiwa na kamba ndefu mguuni; kisha kwa chambo, yaani mabawa ya hubara yaliyofungwa pamoja na kuzungushwa hewani; mwisho, bila kamba yoyote.

Kilichomrudisha ni njaa iliyopimwa. Mwenye ndege alimpapasa kidari, akasoma kwa ncha za vidole unene wa nyama pande mbili za mfupa. Ikizidi, ndege ameshiba na ameridhika. Akirushwa atapaa na kutokomea. Ikipungua mno, hatakuwa na nguvu ya kumfikia hubara. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi finyu, nayo hutofautiana kwa kila ndege na kila siku, kutegemea baridi ya usiku na kazi ya jana. Siku hizi ndege hupimwa kwa mizani ya gramu, lakini wenye kuijua kazi hawajaacha kupapasa.

Kulipokucha, msafara ulitawanyika kwa ngamia, wanaume wakitafuta mchangani alama za vidole vitatu. Mara nyingi kozi ndiye aliyeona kwanza. Akivuliwa barakoa alikazia macho sehemu moja, akanyoosha shingo, akabana manyoya mwilini, na mwenye ndege akajua. Akasema bismillahi, akamrusha. Neno hilo lilikuwa sehemu ya sheria: aya ya nne ya Sura al-Maida inahalalisha kula kilichokamatwa na wanyama na ndege waliofundishwa kuwinda, mradi jina la Mungu litajwe. Kozi hakupaa juu. Alikwenda chini chini, karibu kugusa mchanga, akijificha kwenye mawimbi ya ardhi hadi dakika ya mwisho.

Hubara naye hafi kizembe. Hukimbia, huruka, hukata kona ghafla, na akibanwa humrushia adui kinyesi chenye ute unaonata. Kozi aliyepakwa ute huo manyoya yake hugandana na hawezi kuruka sawasawa mpaka asafishwe. Hubara wengi walipona hivyo. Waliokamatwa walichinjwa na kupikwa, na katika nchi ambamo kaya iliishi kwa tende, samaki wakavu na maziwa ya ngamia, hubara mmoja alikuwa karamu.

Halafu msimu ukaisha. Kiangazi cha Ghuba hupita nyuzi 45, na miezi hiyo ndiyo kozi hubadilisha manyoya. Anahitaji kivuli, utulivu na nyama mbichi ya kutosha kila siku, na Mbedui alikuwa na hivyo kwa shida au hakuwa navyo kabisa. Wachache wenye uwezo, hasa masheikh, walijitahidi kumvusha ndege bora hadi msimu wa pili. Wengine waliwaachia ndege wao. Leo kuachia huko husimuliwa kama hekima ya mababu katika kuhifadhi mazingira. Ni kweli kwamba kulihifadhi: ndege mchanga alikaa mikononi mwa watu majira yake ya baridi ya kwanza, ambayo porini huua makinda wengi, kisha akarudi kuzaliana akiwa na nguvu. Lakini mzizi wake ulikuwa ufukara na jua. Hili linafaa kusemwa wazi, kwa sababu ufukara ulipoondoka, desturi nayo iliondoka.

Ustadi wenyewe ni wa kale kuliko Uislamu, na haukuwa wa Mabedui peke yao. Makhalifa wa Damascus na Baghdad waliupenda, na vitabu vya Kiarabu kuhusu tiba na mafunzo ya ndege wa kuwinda vilianza kuandikwa mapema mno. Kumbukumbu iliyo hai kuliko zote iliachwa na Usama ibn Munqidh, mwanajeshi na mshairi aliyezaliwa mwaka 1095 katika ngome ya Shaizar, Syria, kando ya mto Asi, na kufariki Damascus mwaka 1188. Zama zake zilikuwa za vita vya Msalaba, na katika kitabu chake cha uzeeni anazungumzia mapanga na mahandaki kwa urefu, lakini anapofika kwenye siku za kuwinda na baba yake ndipo maneno yanapomiminika. Baba huyo, Murshid, aligawa maisha yake kati ya vita, kunakili Qur'ani kwa mkono na kuwinda, na alituma watu mpaka Constantinople kumtafutia ndege.

Nyumbani kwao palikuwa na ndege wa kuwinda aliyeitwa al-Yahshur, aliyeishi nao miaka 13 hadi akawa kama mmoja wa jamaa. Bwana wa Hama, mji jirani, alimpenda ndege huyo kiasi cha kumwazima kila mwaka. Siku moja Usama akiwa Hama aliona wasomaji wa Qur'ani, watu wakileta takbira na umati wa wenyeji wakifuata jeneza. Aliuliza nani amefariki, akaambiwa ni binti wa bwana wa mji. Alitaka kufuata mazishi, akazuiwa. Baadaye bwana wa Hama mwenyewe akamweleza kwamba ndani ya jeneza alikuwa al-Yahshur. Aliona ndege yule anastahili mazishi yale. Usama anakisimulia kisa hiki bila kumhukumu mtu, na msomaji wa leo anapata kuona mapenzi haya yalikoweza kumfikisha mtu mzima mwenye mamlaka.

Ulaya ilikuwa na uwindaji wake wa kozi, lakini ilijifunza mengi kutoka kwa majirani hao. Mfalme Frederick II, aliyetawala Sicilia na Dola Takatifu ya Roma, alialika wafugaji wa kozi Waarabu kwenye baraza lake, akaamuru vitabu vyao vitafsiriwe kwa Kilatini, kisha akaandika chake mwenyewe, De arte venandi cum avibus, katika miaka ya 1240. Barakoa ya kozi aliichukua kwa Waarabu na hakuficha. Mwaka 1248, jeshi lake lilipoizingira Parma, wenyeji walitoka wakaivamia kambi yake na nakala yake ya fahari ikapotea. Nakala nyingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanawe Manfred, ipo hadi leo katika maktaba ya Vatican, imejaa michoro ya ndege. Kwa mtu wa karne ya 13 ni kitabu cha ajabu: mfalme anampinga Aristotle pale ambapo macho yake mwenyewe yameona vingine.

Bunduki ilipoenea, mabaraza ya Ulaya yaliuacha uwindaji huo mikononi mwa wapenzi wachache. Pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na karne zote za majahazi kwenda na kurudi Oman, haikuuchukua. Uarabuni ulibaki hai kwa sababu bado ulilisha watu.

Mafuta yalibadili hesabu hiyo. Abu Dhabi ilipata mafuta mwaka 1958 na kusafirisha shehena ya kwanza mwaka 1962. Kwa muda mfupi mwindaji wa ngamia akawa mwindaji wa gari linalopanda vilima vya mchanga. Bonde ambalo msafara ulilipekua kwa siku kadhaa sasa lilimalizwa kwa asubuhi moja. Chumba chenye kiyoyozi kikaondoa tatizo la kiangazi, friji ikaondoa tatizo la nyama, na kozi aliyekuwa mgeni wa msimu akawa mali inayowekwa, inayonunuliwa na kuringiwa. Watega ndege hawakungoja tena ufukweni Oktoba. Biashara ilipanda hadi Pakistan, Iran na baadaye kwenye nyika zenyewe za Asia ya Kati, ambako baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 kozi hurr walikamatwa kwa magendo bila mtu wa kuzuia.

Hubara ndiye aliyelipa kwanza. Waliokuwa wakizaliana Uarabuni walipungua hadi kubaki vikundi vichache, na wawindaji wakaanza kumfuata alikobaki: Iraq, Iran, Balochistan, Afrika Kaskazini.

Wa kwanza kuliona hilo walikuwa wawindaji wenyewe, kwa kuwa ndio waliorudi mikono mitupu. Desemba 1976 Sheikh Zayed aliwaita Abu Dhabi wafugaji wa kozi na wanasayansi kutoka nchi nyingi kwa mkutano wa kimataifa kuhusu uwindaji wa kozi na uhifadhi. Wageni wa Ulaya na Marekani walifika na kidonda chao. Kule dawa ya wadudu ya DDT ilikuwa imeingia kwenye miili ya shahin kupitia ndege waliowala, ikawafanya watage mayai yenye ganda jembamba yaliyovunjika chini ya mama anayeatamia. Katika Marekani mashariki ya mto Mississippi shahin wanaozaliana walitoweka kabisa. Waliojua namna ya kumshika, kumlisha na kumtuliza ndege huyo walikuwa wafugaji wa kozi, na ndio waliofanikisha kumzalisha kizuizini. Tom Cade, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyekuwa mfugaji wa kozi tangu ujana, alianzisha mwaka 1970 mradi uliorudisha maelfu ya shahin porini. Marekani ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, na mwaka 1999 shahin akaondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini nchini humo.

Mfano huo ulifanya kazi Ghuba kwa njia mbili: kozi wa kuzalishwa, na hubara wa kuzalishwa. Saudi Arabia ilifungua kituo cha hubara karibu na Taif mwaka 1986. Abu Dhabi ikafuata mwaka 1989 pale Sweihan, na mwaka 1995 ikaanzisha kituo kikubwa Missour, mashariki mwa Morocco. Mwaka huohuo wa 1995 Zayed alianzisha mpango wa kuwaachia kozi kila mwisho wa msimu, Pakistan na nchi jirani kwanza, kisha Kazakhstan. Kozi hao hupimwa afya, huwekewa chipu chini ya ngozi, na baadhi hubebeshwa kifaa kidogo kinachowasiliana na setilaiti. Tangu wakati huo zaidi ya 2,000 wamerudishwa porini. Walichokuwa wakifanya maskini kwa sababu ya jua, serikali tajiri sasa ilikifanya kwa bajeti na madaktari.

Madaktari hao wanastahili kuangaliwa kwa karibu. Hospitali ya Kozi ya Abu Dhabi ilifunguliwa mwaka 1999, miaka kadhaa baada ya ile ya Dubai, na leo hupokea maelfu ya ndege kwa mwaka. Sebuleni, kozi waliovikwa barakoa hukaa kwa mistari kwenye viti vyao vilivyofunikwa nyasi bandia, wamenyamaza, wakingoja zamu. Wengi huletwa kupunguzwa kucha na kukaguliwa kama wana ukungu wa mapafu au vidonda vya nyayo, maradhi mawili yanayowasumbua ndege wa kufugwa. Wengine huletwa kwa unyoya uliovunjika. Unyoya mmoja wa bawa ukikatika, kozi hupoteza mizani hewani, na wa jirani yake hubaki bila kinga nao hukatika. Daktari huchagua kwenye droo unyoya uleule, wa aina ileile na upande uleule, uliodondoshwa na ndege mwingine. Huukata kwa urefu unaotakiwa, huingiza kijiti chembamba kwenye bomba la unyoya wa zamani, hupaka gundi na kuunganisha. Frederick II aliieleza kazi hii karibu miaka 800 iliyopita. Gundi ndiyo iliyobadilika.

Mwaka 2002 Falme za Kiarabu zilianza kuwapa kozi pasipoti. Hilo lilifuata shinikizo la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliokuwa umeinyoshea nchi hiyo kidole kwa ajili ya magendo ya kozi. Pasipoti ina namba ya pete iliyo mguuni, inadumu miaka mitatu, na mwenye ndege huionyesha uwanja wa ndege kama aionyeshavyo yake. Mashirika kadhaa ya ndege ya Ghuba huruhusu kozi kusafiri ndani na abiria. Kwa mtu anayeiona picha hiyo kwa mara ya kwanza inafurahisha, lakini kazi ya pasipoti hiyo ni nzito. Bila karatasi hiyo hakuna njia ya kumtenga kozi aliyezalishwa kihalali Ujerumani na yule aliyeibwa kwenye kiota Mongolia.

Novemba 2010 suala la uwindaji wa kozi lilifika Nairobi. Kamati ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika ilikutana huko, na ndipo uwindaji huo ulipoandikwa kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la pamoja la nchi 11 zikiwemo Falme za Kiarabu, Morocco, Syria, Mongolia, Korea na Ufaransa. Nchi zimezidi kujiunga, na kufikia 2021 zilikuwa 24. Kilichotambuliwa pale ni maarifa yanayopokezanwa mkono kwa mkono. Abu Dhabi sasa hufundisha watoto mafunzo hayo shuleni, wavulana kwa wasichana.

Kwa kozi hurr mwenyewe utambuzi huo haukutosha. Mwaka 2012 aliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Mongolia, ambako nyika haina miti wala miamba ya kutosha ya kujengea viota, Abu Dhabi ilifadhili viota bandia 5,000, mapipa ya chuma juu ya nguzo yaliyosambazwa kwenye nyika, na kozi waliyakubali. Lakini nyika hiyohiyo imepitishiwa nyaya za umeme juu ya nguzo za zege na chuma, na kozi anayetua juu yake hupigwa shoti. Wanakufa kwa wingi. Kuvisha nguzo vihami ni kazi ya mafundi umeme na mashirika yao, na hapo ndipo fedha za wapenda kozi zingeokoa ndege wengi kuliko mahali pengine popote.

Fedha zipo. Agosti 2021, kwenye mnada wa wazalishaji wa kozi huko Malham, kaskazini mwa Riyadh, kozi mweupe aliyezalishwa Marekani aliuzwa riyali milioni 1.75, takriban dola 467,000. Soko hilo la ndege wa kuzalishwa, hasa machotara wa kozi wa kaskazini na hurr, limepunguza haja ya kuwakamata wa porini, na hiyo ni faida halisi. Mashindano ya mbio za mita 400, kozi akiwania chambo dhidi ya saa, yamewapa vijana wengi sababu ya kufuga bila kumwaga damu ya hubara hata mmoja.

Bado hubara anabaki. Vituo vya Morocco, Uzbekistan na Falme za Kiarabu vimezalisha mamia ya maelfu, kwa upandishaji wa kutumia mbegu za madume na mashine za kuangulia, na wengi wameachiwa porini. Kwa hiyo mwindaji wa leo anaweza kumrusha kozi aliyeanguliwa kwenye mashine kumfukuza hubara aliyeanguliwa kwenye mashine. Waungaji mkono wanasema huo ndio uwindaji pekee ambao ardhi inaweza kuubeba. Wana hoja. Ila ndege aliyelelewa bandani ana uwezekano mkubwa wa kufa mara anapoachiwa kuliko wa porini, na idadi ya waliotolewa kwenye vizimba haisemi ni wangapi waliotaga yai mwaka uliofuata. Hesabu inayohitajika ni ya viota.

Na pale ambapo hubara wa porini bado wapo, jaribu lipo. Pakistan haiwaruhusu raia wake kumwinda, lakini serikali hutoa vibali maalumu kwa watawala wa Ghuba, kwa kawaida ndege 100 kwa siku 10. Mwaka 2014 magazeti ya nchi hiyo yalichapisha ripoti ya maafisa wa wanyamapori wa Balochistan kwamba msafara mmoja wa kifalme uliua 2,100 kwa siku 21. Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Pakistan ilipiga marufuku uwindaji huo. Januari 2016 mahakama hiyohiyo iliuruhusu tena, serikali ikiwa imetetea vibali hivyo kwa ajili ya uhusiano wake na mataifa ya Ghuba. Vibali vinaendelea kutolewa. Hubara wanaoshuka Balochistan kila Novemba wametoka Kazakhstan na majirani zake, wamevuka mipaka kadhaa njiani, na nchi walikoanguliwa haina sahihi yake popote kwenye karatasi inayoruhusu wauawe.